Ruhusa ya Kurudi Nyumbani: Muuguzi kama Mwalimu wa Mgonjwa

Mhadhara kwa walimu na wanafunzi wa uuguzi wa Jinja na Mbale



Nimeombwa nizungumze juu ya mafunzo ya uuguzi, na jinsi yanavyomwandaa muuguzi kumsaidia mgonjwa wakati wa ugonjwa na wakati wa utengamao, yaani kipindi cha kurudisha uwezo wa kutembea, kula, kusema, kufanya kazi na kuishi na wenzake. Nina jambo moja la kusema, na mengine nitakayoyataja ni ushahidi wake. Kazi ya muuguzi hupimwa kwa yale ambayo mgonjwa na jamaa zake wanaweza kuyafanya wenyewe baada ya kutoka wodini. Chuo kinachomfundisha mwanafunzi kuuguza bila kumfundisha kufundisha kimempa nusu ya kazi yake.

Ushahidi wangu nitautoa hapa hapa mashariki mwa Uganda. Hatuna haja ya kwenda mbali kuutafuta. Kati ya mto Nile na mlima Elgon kuna mambo yaliyofanywa na wauguzi, madaktari na akina mama wa vijijini ambayo ulimwengu mzima umejifunza kwayo. Ni haki yetu kuyajua, na ni wajibu wetu kuyaingiza katika mitaala.

Mgonjwa anarudi wapi?

Hospitali ya rufaa ya Jinja hupokea wagonjwa wa Busoga yote: Kamuli na Buyende upande wa ziwa Kyoga, Luuka, Kaliro, Namutumba, Iganga, Bugiri, Mayuge, hadi Namayingo kwenye ziwa Victoria. Ile ya Mbale hupokea watu wa Bugisu, Sebei na Bukedi: Sironko, Manafwa, Bududa, Kapchorwa, Bukwo, Budaka, Pallisa, Butaleja, Tororo na Busia. Mgonjwa hufika kwa matatu, kwa bodaboda, au akiwa amebebwa na ndugu zake kwenye machela ya miti hadi barabarani. Akipona, au akipona nusu, hurudi kwa njia ile ile.

Mwanafunzi wa uuguzi anapaswa kuijua njia hiyo. Mtu aliyevunjika mguu Bududa anarudi kwenye mteremko ambao mvua ikinyesha hata mzima huteleza. Ardhi ya wilaya hiyo ndiyo iliyoporomoka Machi 2010 na kukifukia kijiji cha Nametsi, na imeporomoka tena miaka iliyofuata. Kumpa mgonjwa wa huko kiti cha magurudumu bila kumuuliza njia ya kwake ikoje ni kumpa chuma cha kuweka kona ya nyumba. Yeye anahitaji magongo yenye mpira imara kwenye ncha, mazoezi ya kupanda na kushuka, na kijana wa nyumbani aliyefundishwa kumshikilia bila kumvuta. Mgonjwa wa Buyende anarudi kwenye tambarare, lakini kituo cha afya kiko mbali na maji ya kunywa yanachotwa kisimani. Ushauri unaomfaa mmoja huenda usimfae mwenzake.

Kisha tumtazame jamaa anayeuguza. Katika wodi zetu kila mgonjwa ana mtu wake: mama, mke, dada, binti, mara chache mume au kaka. Analala kwenye mkeka chini ya kitanda, anapika nje uani, anafua, anamwogesha mgonjwa, anamlisha, anamgeuza, anakwenda kununua dawa iliyokosekana. Wakati wa usiku, muuguzi mmoja akiwa na wodi nzima mikononi, mtu huyu ndiye anayekesha. Uuguzi mwingi unaofanyika Uganda hufanywa na watu ambao hawajawahi kuingia darasa la uuguzi. Swali kwa chuo ni hili: je, tunawaona kama wageni wanaojaza wodi, au kama wanafunzi wetu wa pili?

Waliotutangulia walisema nini

Wazo la kumfundisha mgonjwa na jamaa zake lina mizizi katika fani yetu wenyewe. Mwaka 1966 Mmarekani Virginia Henderson aliandika maelezo ya kazi ya muuguzi ambayo yamefundishwa duniani kote. Alisema kwamba muuguzi humfanyia mtu yale ambayo angejifanyia mwenyewe kama angekuwa na nguvu, nia au maarifa yanayohitajika, na humfanyia kwa namna itakayomrudisha kwenye kujitegemea mapema iwezekanavyo. Mwaka 1971 Dorothea Orem akapanua hoja hiyo. Akagawanya msaada wa muuguzi katika ngazi tatu: kumfanyia mgonjwa kila kitu pale asipoweza lolote, kugawana naye kazi pale anapoweza kidogo, na mwishowe kumfundisha na kumtia moyo pale anapoweza kufanya mwenyewe akipata maarifa.

Wanafunzi wetu wanazijua ngazi hizo kwa moyo. Wanaziandika vizuri kwenye mtihani. Tatizo ni kwamba wodini wanajifunza ngazi ya kwanza tu. Daftari la mazoezi linataka sahihi kwa sindano, kwa kidonda kilichofungwa, kwa mpira wa mkojo uliowekwa, kwa uzazi uliosimamiwa. Kwa mama aliyefundishwa akaweza, nafasi ya sahihi ni finyu au haipo. Mwanafunzi ni mtu mwenye akili. Husoma kile kinachopimwa. Akiona kwamba kufundisha hakupimwi, ataichukulia kazi hiyo kama hisani ya kufanya ukibaki muda, na muda haubaki.

Nchi hii ina historia ndefu ya mafunzo ya uuguzi. Mengo walifungua shule ya wakunga mwaka 1921 na shule ya wauguzi mwaka 1931. Makerere ilianza shahada ya uuguzi mwaka 1993. Leo tuna ngazi ya cheti, stashahada na shahada. Tuna Chuo cha Uuguzi na Ukunga cha Jinja, na Mbale kuna Kitivo cha Sayansi za Afya cha Chuo Kikuu cha Busitema kilichoanza mwaka 2013. Hatua hizo ni kubwa. Hatua inayofuata ni kuamua kwamba muuguzi wa kila ngazi, hata yule wa cheti, ni mwalimu.

Somo la Mbale: mgongo wazi na kichwa kikubwa

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 hospitali ya watoto ya CURE ilianza kazi Mbale, na daktari wa upasuaji wa ubongo, Benjamin Warf, akaanza kupokea watoto wachanga wenye vichwa vilivyojaa maji. Aligundua kwamba zaidi ya nusu ya watoto hao hawakuzaliwa hivyo. Walipata maambukizi ya ubongo katika wiki za mwanzo za maisha, na maambukizi yale yakaziba njia za maji ya ubongo. Tiba iliyozoeleka duniani ilikuwa kuweka mrija unaotoa maji kichwani hadi tumboni. Mrija huo huokoa maisha, lakini huweza kuziba wakati wowote, hata miaka kadhaa baadaye, na ukiziba mtoto anahitaji upasuaji wa haraka. Mtoto anayeishi saa nyingi kutoka hospitali anaweza kufa kabla hajafika.

Warf na wenzake wakatumia njia nyingine: kupitisha kifaa chembamba chenye kamera, kutoboa tundu ndani ya ubongo ili maji yapate mkondo mpya, kisha kuunguza sehemu ya tishu inayotengeneza maji hayo. Mtoto anaweza kurudi nyumbani bila mrija. Mwaka 2005 alichapisha matokeo ya watoto 550 waliotibiwa Mbale, na njia hiyo ikasafiri hadi hospitali kubwa za Marekani. Mwaka 2017 jaribio lililofanyika Mbale kwa watoto 100, likilinganisha njia hizo mbili, lilionyesha kwamba baada ya miezi 12 maendeleo ya akili ya watoto wa pande zote mbili hayakutofautiana.

Nimeeleza jambo hili la madaktari mbele ya wauguzi kwa sababu maalumu. Upasuaji huo ulibuniwa kwa kuifikiria nyumba ya mtoto. Daktari aliuliza: mtoto huyu akishafika kwao, ni nini kitamuua? Akabadilisha tiba kulingana na jibu. Ikiwa mpasuaji wa ubongo anaweza kuanza na nyumba ya mgonjwa, muuguzi ana udhuru gani wa kuanza na kuishia kitandani?

Na kwa watoto wenye mgongo wazi, yaani waliozaliwa uti wa mgongo haujafunga, jibu la swali hilo liko mikononi mwa wauguzi zaidi kuliko mwa wapasuaji. Mgongo hufungwa siku za mwanzo, lakini neva zilizoharibika hazirudi. Kibofu hakimwagi mkojo wote. Mkojo unaobaki huoza, hurudi kwenye figo, na baada ya miaka figo hufa kimya kimya. Kinga yake ni kupitisha mpira mwembamba na kuutoa mkojo mara kadhaa kwa siku, kila siku, maisha yote. Hakuna hospitali inayoweza kumfanyia mtoto kazi hiyo kwa miaka yote. Mwaka 1972 daktari Jack Lapides wa Marekani alionyesha kwamba kazi hii haihitaji chumba cha upasuaji. Mikono iliyooshwa kwa sabuni na mpira uliooshwa vizuri vinatosha. Tangu hapo ikawezekana mama kuifanya nyumbani, na mtoto akikua aifanye mwenyewe.

Huko Mbale akina mama hufundishwa kazi hiyo. Mama aliyekuja akiwa na hofu hata ya kumshika mwanawe mgongoni huondoka akijua kuosha mikono, kupaka mafuta ya kulainisha, kupitisha mpira, kupima kwa macho rangi ya mkojo, na kumwosha mtoto utumbo ili asijichafue shuleni. Matokeo ya kufuatwa nyumbani yameonekana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 juu ya watoto wa mgongo wazi waliotibiwa Mbale ulionyesha kwamba waliotoka wilaya zenye programu za utengamao wa kijamii, ambamo wahudumu huwafuata nyumbani, walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuishi kuliko waliotoka wilaya zisizo nazo. Hospitali ilikuwa moja. Kilichotofautiana ni kama kuna mtu aliyepiga hodi nyumbani kwao baada ya upasuaji.

Wanafunzi wangu, liandikeni hilo. Kumtembelea mgonjwa na kumfundisha mama yake kunaokoa uhai kama upasuaji unavyookoa.

Somo la Buluba na Jinja

Twende sasa upande wa Busoga. Mwaka 1934 Mama Kevin, mtawa wa Kifransisko kutoka Ireland aliyefika Uganda mwaka 1903, alianzisha makazi ya wagonjwa wa ukoma Buluba, karibu na ziwa Victoria, katika wilaya inayoitwa leo Mayuge. Mwaka 1951 akaja daktari kutoka Poland, Wanda Błeńska, akabaki huko kwa takribani miaka 40. Kituo cha mafunzo cha Buluba kinaitwa kwa jina lake, na jina hilo limestahili, maana alielewa kwamba ukoma hautashindwa na daktari mmoja.

Ukoma huua neva. Mguu usiohisi maumivu hukanyaga msumari bila mwenyewe kujua, mkono hushika sufuria ya moto na hauachii. Dawa za mchanganyiko zilizoanza kutumika miaka ya 1980 huua vimelea, lakini neva iliyokufa haifufuki. Anayebaki na vidole vyake ni yule anayejua kuloweka miguu kila siku, kuipaka mafuta, kuikagua mwanga ukiwapo, kuvaa viatu vinavyomfaa, na kupumzika akiona wekundu hata kama hahisi kitu. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni anahitaji mafundisho hayo hayo, isipokuwa kuloweka miguu, na wagonjwa wa kisukari sasa wako katika kila kliniki yetu. Maarifa yaliyokusanywa na wagonjwa wa ukoma wa Buluba yanafaa kufundishwa upya kila mwaka katika vyuo vyetu kwa ajili ya wenye kisukari.

Ushahidi wa tatu ni tiba shufaa, yaani tiba ya kumtuliza mgonjwa maumivu na mateso ya ugonjwa mzito. Mwaka 1993 Dkt. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala, akitumia mofini ya maji inayonywewa, ambayo ni rahisi kutengeneza na ya bei nafuu. Kikwazo kikawa sheria: madaktari peke yao ndio walioruhusiwa kuiandika, na vijijini madaktari ni wachache sana. Mwaka 2004 Uganda ikabadilisha kanuni, ikawaruhusu wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu ya tiba shufaa kuandika mofini. Ilikuwa nchi ya kwanza barani Afrika kufanya hivyo. Leo Rays of Hope Hospice Jinja huwafuata wagonjwa wa saratani na maradhi mengine mazito nyumbani kwao Busoga.

Tazameni kinachofanyika nyumba hizo. Muuguzi anaacha chupa ya mofini. Anamfundisha binti wa mgonjwa kipimo, kila baada ya saa nne mchana, na kipimo cha usiku kinachomwezesha mgonjwa kulala. Anamweleza kwamba dawa hii hufunga choo, kwa hiyo ampe na ya kulainisha. Anamwambia asisubiri maumivu yarudi ndipo atoe dawa. Akishaondoka, binti huyo ndiye muuguzi wa zamu. Kama hakuelewa, mgonjwa atalia usiku kucha dawa ikiwa kabatini.

Nitaje na selimundu. Uchunguzi wa damu za watoto karibu 98,000 wa Uganda, uliochapishwa mwaka 2016, uligundua kwamba asilimia 13.3 wamebeba chembe ya urithi ya selimundu na asilimia 0.7 wana ugonjwa wenyewe, na Busoga ni miongoni mwa maeneo yenye viwango vya juu. Mtoto wa selimundu anaishi kwa ujuzi wa mama yake: anywe maji ya kutosha, alale ndani ya chandarua, ale dawa zake kila siku, afikishwe hospitali siku ile ile akipata homa, na tumbo lake lipapaswe ili bandama ikivimba ghafla ijulikane mapema. Mama anayeijua bandama ya mwanawe kwa vidole vyake mwenyewe humfikisha Jinja kabla mtoto hajaishiwa damu.

Namna ya kufundisha: mfano wa kiharusi

Hadi hapa nimeeleza kwa nini. Sasa nieleze vipi, na nitatumia kiharusi, kwa kuwa wodi zetu za watu wazima zinawajua wagonjwa hawa.

Mzee ameletwa upande wa kulia umelegea, hasemi. Familia inaogopa. Siku ya kwanza muuguzi awaite mkewe na kijana mmoja, na awape kazi ndogo: kumgeuza kila baada ya saa mbili, ubavu huu kisha ubavu ule, mto katikati ya magoti. Awaonyeshe, kisha wafanye yeye akiangalia. Hiyo ndiyo kinga ya vidonda vya kulalia, ambavyo vikishafika mfupani huua mgonjwa aliyenusurika na kiharusi chenyewe.

Siku ya pili, chakula. Kabla ya kijiko chochote muuguzi apime kama mgonjwa anaweza kumeza. Kisha awafundishe: aketishwe wima, chakula kiwe laini, kijiko kidogo, kiwekwe upande wenye nguvu, asubiriwe ameze, na asilazwe mara baada ya kula. Uji unaoingia mapafuni huleta homa ya mapafu, na familia iliyomlisha kwa upendo isijue kwamba imemdhuru.

Siku ya tatu, mkono. Usimvute kwa mkono uliolegea, bega litatoka. Uukunje na kuunyoosha taratibu mara kadhaa kwa siku. Mwachie avae shati mwenyewe, akianza na mkono mgonjwa, hata akichukua nusu saa. Hapo familia hushindwa, maana ni vigumu kumtazama baba akihangaika na kifungo. Muuguzi awaambie waziwazi kwamba kuhangaika huko ndiko tiba, na kwamba kumfanyia kila kitu kunamfunga kitandani.

Kisha, kabla ya ruhusa, maswali ya nyumbani. Choo ni cha shimo? Mtu mwenye mguu uliolegea hawezi kuchuchumaa. Fundi wa kijijini atengeneze kiti chenye tundu. Kitanda kina kimo gani? Mlango una kizingiti? Dawa ya presha itanunuliwa na nani, kutoka wapi, na je, wote wameelewa kwamba haiachwi hata akijisikia mzima? Hospitali yenye mtaalamu wa viungo ina bahati, na ushauri wake ufuatwe. Lakini mtaalamu huyo humwona mgonjwa kwa dakika chache, na siku ina saa 24. Saa zilizobaki ni za muuguzi na familia.

Kanuni ya kufundisha ni moja. Usimuulize jamaa wa mgonjwa, "Umeelewa?" Atajibu, "Ndiyo, musawo," yaani daktari, kwa heshima, hata kama hajaelewa neno. Mwambie, "Mama, nionyeshe." Akionyesha sawa, andika kwenye faili kwamba ameweza. Akikosea, kosa ni la mafundisho. Rudia kwa njia nyingine. Ruhusa isitolewe kwa sababu tu kitanda kinahitajika. Itolewe mtu wa nyumbani akiwa ameonyesha kwamba anaweza.

Lugha na moyo

Mafundisho haya hayawezi kufanyika kwa lugha ya kitabu. Katika wodi moja ya Mbale utamkuta Mgisu, Mteso, Mgwere, Msabiny na Msoga, na muuguzi huenda ametoka Gulu au Masaka. Masomo na mitihani yetu ni kwa Kiingereza. Mwanafunzi anaweza kukieleza kiharusi vizuri kwa mtahini na asiweze kukieleza kwa mke wa mgonjwa. Nashauri kila mwanafunzi afundishwe maelezo ya maradhi makubwa kwa lugha za eneo analofanyia kazi, na Kiswahili kiwe daraja pale lugha hizo zinapomshinda. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kifundishwe shuleni. Vyuo vya uuguzi vina sababu ya kukitumia iliyo nzito kuliko ya ofisi yoyote.

Na kuna maneno ambayo mgonjwa hayasemi kwa lugha yoyote mpaka aaminishwe. Mama wa mtoto wa mgongo wazi huenda ameambiwa kwamba amelogwa, au kwamba ukoo wake ndio wenye laana. Wengine huachwa na waume zao. Mwanamume aliyekatwa mguu anajiuliza kama bado ni kichwa cha nyumba. Kijana aliyeumia uti wa mgongo kwa ajali ya bodaboda hataki kula. Huzuni hizi huzuia utengamao kuliko udhaifu wa misuli. Mwanafunzi afundishwe kuketi, kusikiliza bila kuangalia saa, kumweleza mume na mama mkwe chanzo halisi cha ugonjwa, na kumkutanisha mgonjwa mpya na yule aliyekwisha pitia njia hiyo. Mama mmoja aliyelea mtoto wa mgongo wazi hadi akaingia shule atamtuliza mama mgeni kuliko mihadhara yetu yote.

Pingamizi mbili

Nasikia pingamizi, na ni za haki. Ya kwanza: wauguzi ni wachache, muda uko wapi? Najibu kwamba mafundisho haya hayatengwi na kazi. Yanafanyika wakati wa kumwogesha mgonjwa, wakati wa dawa, wakati wa kufunga kidonda, kwa kumwita jamaa asogee badala ya kumtoa nje. Mambo ya wote yafundishwe kwa pamoja asubuhi. Na mgonjwa anayerudi wodini na vidonda vya kulalia hula muda mwingi kuliko dakika 15 za kumfundisha mkewe.

Ya pili ni nzito zaidi. Je, hatuwatwishi wanawake maskini mzigo wa serikali? Ndiyo, hatari hiyo ipo, na lazima tuiseme. Mzigo huo wameshautwaa tayari. Kinachobaki kwetu ni kuamua kama wataubeba kwa ujuzi au kwa kubahatisha. Lakini kufundisha familia hakumpi mtu yeyote ruhusa ya kutoajiri wauguzi, wala ya kuacha stoo bila mipira ya mkojo, glavu na dawa za presha. Tufundishe na wanaume pia. Baba na kaka wana mikono. Na tudai vifaa kwa sauti ile ile tunayodai mishahara.

Ombi langu

Ninayoomba ni manne. Kwanza, kila mwanafunzi, kabla hajahitimu, amfuate angalau mgonjwa mmoja kutoka siku ya kulazwa hadi nyumbani kwake, na aandike ripoti ya yale aliyoyakuta. Pili, mtihani wa vitendo uwe na kituo ambacho mwanafunzi anamfundisha jamaa wa mgonjwa, na alama zitolewe kwa kile jamaa huyo anachoweza kufanya mwishoni. Tatu, mgonjwa akiruhusiwa apewe karatasi yenye michoro, kwa lugha ya nyumbani, ikieleza kazi za kila siku na dalili za kumrudisha hospitali. Nne, muuguzi wa wodi azungumze kwa simu na kituo cha afya na mhudumu wa afya wa kijiji kabla mgonjwa hajapanda gari, ili atakapofika awe na mtu anayemngojea.

Hakuna katika hayo kinachohitaji mashine. Yanahitaji walimu wanaokubali kwamba mke wa mgonjwa, aliyelala kwenye mkeka, ni mwanafunzi wao, na mamlaka za mitihani zinazokubali kulipima hilo. Mbale na Buluba wameshatuonyesha kwamba inawezekana. Wanafunzi, kesho mtakapoingia wodini, mchagueni mgonjwa mmoja, mwiteni mtu wake, na mfundisheni jambo moja mpaka aliweze. Walimu, wapeni alama kwa hilo.